Vitamini D haikati kitambi, ila kitambi kinaimeza vitamini D

Watu hunitumia picha za chupa za vitamini D kwenye WhatsApp wakiuliza kama kweli zinakata kitambi. Jibu langu ni hapana, na kama hiyo ndiyo sababu ya kuinunua, tafadhali tunza hela yako. Lakini vitamini hii na unene vina uhusiano wa kweli, na mimi mwenye uzito uliopitiliza unanigusa moja kwa moja.

Nilipopimwa damu, vitamini D yangu ilisoma nanogramu 13 kwa mililita. Madaktari wengi wanataka isipungue 20. Nikamuuliza daktari, inakuwaje, na jua lote hili la Dar es Salaam? Akanijibu, "Mama, jua linapiga paa la ofisi yenu, halikupigi wewe." Ni kweli. Natoka nyumbani alfajiri, narudi usiku, na nguo zangu zinafunika hadi viganjani. Utafiti uliotoka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe, watu wa hapa hapa Tanzania wanaoshinda nje, ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, yaani kama nanogramu 46. Kwa hiyo ngozi nyeusi inaitengeneza vizuri tu, ilimradi ilione jua.

Sehemu ya pili ya maelezo yake ndiyo iliyonifungua macho. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye mafuta mengi mwilini huisambaza humo, na kwenye damu inabaki kidogo. Mwaka 2000 watafiti wa Boston waliwamulika watu wembamba na wanene kwa mwanga uleule wa urujuanimno, ule wa jua unaoifanya ngozi itengeneze vitamini D. Ngozi za wanene zilikuwa na uwezo uleule wa kuitengeneza, lakini damuni ilipanda kwao chini ya nusu ya ilivyopanda kwa wembamba. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa 2013 nao ulionyesha kwamba unene ndio unaoshusha vitamini D. Kwamba upungufu wake ndio unaonenepesha, haukupata ushahidi.

Wauzaji hupenda kusema "inazuia seli za mafuta kukua". Hiyo imeonekana maabara, kwenye seli za panya. Kwenye seli za binadamu, majaribio mengine yameona kinyume chake: inazisaidia kukomaa. Na panya waliozaliwa bila kipokezi cha vitamini D, yaani sehemu ya seli inayoipokea ili ifanye kazi, hubaki wembamba hata wakilishwa mafuta! Nani atakuambia hayo dukani? Linalotia moyo ni kwamba kwenye vyombo vya maabara imepunguza kemikali za uchochezi, yaani zinazowasha uvimbe mwilini, zinazotolewa na seli hizo, lakini hilo halijawa kupungua kilo.

Basi mimi naitumia kwa ajili ya mifupa na misuli, na nakushauri upime kwanza. Mwambie daktari uzito wako bila aibu, kwa sababu mtu mnene mwenye upungufu huweza kuhitaji dozi mara mbili au tatu ya mwembamba. Dada yangu alikuwa akimeza kidonge chake na chai ya rangi tupu asubuhi. Sasa anakimeza mchana, na wali wa nazi na vibua, maana kinahitaji mafuta ili kifyonzwe vizuri, na vibua vyenyewe vina vitamini D. Uzito ukipungua kwa chakula na mazoezi, kiwango cha damuni hupanda kidogo chenyewe.

Ninaloogopa zaidi ni vidonge vya yuniti 50,000 vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Ikizidi, haitoki haraka kwa mkojo kama vitamini C. Hukaa kwenye mafuta na kupandisha kalsiamu ya damu. Ukiwa unaitumia ukaona kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu na choo kigumu, acha vidonge, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe chupa yenyewe waione dozi.