Maswali yenu: vituo vya data vina ugomvi gani na wenyeji?

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu watu wanaokataa vituo vya data huko nje.

Mdogo wangu yuko Marekani, anasema wanaandamana kukataa majengo ya kompyuta. Wana wazimu? (Mwandiga)

Hawana. Kituo cha data ni ghala la seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data, zinazowaka usiku na mchana, nazo huchemka. Vingi hupozwa kwa maji yanayogeuka mvuke na kupotelea hewani. Sasa Tucson, jimbo la Arizona, ni mji wa jangwani. Agosti 2025 wananchi walijaa mikutanoni, na wajumbe wote 7 wa baraza la jiji wakaukataa mradi mmoja. Usiri nao uliwachefua: baadhi ya maofisa walikuwa wameshasaini kutunza siri za mwekezaji.

Sisi tuna Ziwa Tanganyika, shida iko wapi? (Ujiji)

Ndugu yangu, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 halimalizwi na seva. Ila juzi pale Gungu nilipishana na akina mama wenye madumu ya njano kichwani, na ziwa linaonekana kule chini! Uliza kwanza pampu itawekwa kwa ajili ya nani. Kisha uliza maji ya moto yenye dawa, yanayobaki baada ya kupoza seva, yatamwagwa wapi, maana dagaa hawana pa kuhamia.

Na umeme? (Uvinza)

Hapo ndipo penye kazi. Mradi wa Malagarasi, huko huko kwenu, umesanifiwa kutoa megawati 49.5. Kituo kimoja kikubwa huomba 100 na zaidi. Ireland, mwaka 2023, vituo hivi vilikula asilimia 21 ya umeme uliopita kwenye mita, kuliko nyumba zote za mijini. Vina pia majenereta ya dizeli ya akiba. Mlio wake Kigoma hatuhitaji kuelezwa.

Ajira? (Kasulu)

Wakati wa kujenga, nyingi. Kikishawashwa, chache: mafundi na walinzi.

Wakija kijijini tufanyeje? (Kalinzi)

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko nanyi. Eneo lisilozidi hekta 250 haliondoki mikononi mwa kijiji bila mkutano mkuu kuridhia. Likizidi, Waziri ndiye anaamua, baada ya kupata maoni yenu. Mwenyekiti na muhuri wake hatoshi. Daini ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na lita za maji kwa siku ziandikwe humo. Halafu chungeni daftari la mahudhurio. Kijiji kimoja, sikitaji, watu walisaini wapewe soda. Karatasi ile ile ikaja kubandikwa nyuma ya barua ya kuridhia.