DX7 ya mtumba, ninunue?

SWALI: Mambo wahariri, kuna jamaa ananiuzia kinanda Yamaha DX7, kwaya yetu inataka ile sauti ya piano ya miaka ya themanini, inafaa ama ntajuta?

JIBU: Poa kaka. DX7 ilitoka 1983 na hiyo piano unayoisema ilijaa kwenye nyimbo za mapenzi za enzi zile, hapo hukosei. Inatumia FM (si ile ya redio), mbinu ya kutengeneza sauti ya John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, yaani wimbi moja la sauti linalitikisa lingine, na kila noti ina mawimbi hadi sita, sasa ukizidisha kidogo tu namba za kupangia mawimbi hayo, sauti ya kengele inageuka kelele za bati. Ndo maana wengi walipiga sauti zilizokuja nayo basi, kutunga zako kwa vile vitufe bapa na kiskrini kile ni mateso (mwanamuziki Brian Eno aliweza, lakini yule ni Eno).

Kabla hujatoa hela piga funguo zote 61, bonyeza kila kitufe, halafu uliza betri ya ndani ilibadilishwa lini. Ikifa, sauti zilizohifadhiwa zinapotea, na mara nyingi imechomelewa kwa risasi hivyo mpelekee fundi, sauti utazirudisha toka kompyuta kwa waya wa MIDI, ule wa kuunganisha vinanda na kompyuta. Spika haina, andaa amplifaya.