Kituo kikipoteza watu wengi, mi namlaumu mpanga kozi kabla ya mchora ramani

Mkuu umeuliza swali zuri: kwenye orientiringi (mbio za kutafuta vituo kwa ramani na dira), wakimbiaji wengi wakizunguka dakika 5 au 6 kutafuta kituo kimoja, kosa ni la ramani au la aliyepanga kozi? Mi nimekimbia miaka kadhaa na kozi nimepanga pia, na naona kosa ni la mpanga kozi, hata pale ramani inapokuwa na makosa kweli.

Kwanza tuelewane kuhusu ramani yenyewe. Kwenye ramani ya 1:15,000 milimita moja ni mita 15 ardhini, kwa hiyo mawe kumi yaliyobanana sehemu moja hayawezi kuchorwa yote, mchoraji anachagua mawili matatu anayoona mkimbiaji atayaona akiwa mbio, na hapo hajakosea, ndo kazi yake. Kontua nazo (mistari ya mwinuko) kwa kawaida zinapishana mita 5 za kimo, kilichopo katikati kinaweza kupotea kabisa. Siku hizi wengi wanaanza na data ya laida (upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani), umbo la ardhi linatoka safi sana, lakini laida haikuambii kichaka cha leo kinapitika vipi, hapo lazima mtu aende kwa miguu yake. Rangi ya kijani, inayoonyesha vichaka, ndo inayozeeka haraka kuliko zote. Kijani hafifu maana yake unakimbia kwa asilimia 60 hadi 80 ya kasi yako, ya kati 20 hadi 60, iliyokolea chini ya 20, na mvua za msimu mmoja tu zinaweza kuhamisha kichaka kutoka daraja moja kwenda lingine.

Sasa mpanga kozi anayajua haya yote kabla ya mtu yeyote kukimbia, ana ramani mkononi na ana muda wa kutembea msituni, mkimbiaji hana.

Niwape la kwangu, bado linaniuma. Niliweka kituo kwenye kishimo kidogo ndani ya kijani ya kati. Nilikwenda kukikagua mara tatu na mara zote nilitokea kusini, kwenye njia panda, maana ndo ilikuwa rahisi kwangu, nikakipata bila shida nikaridhika. Siku ya mashindano kozi ikawaleta watu kutoka kaskazini, na upande huo kuna vishimo vinne vinavyofanana ambavyo ramani imechora kimoja tu, ambacho ndo nilichoweka bendera ya kituo. Watu wakaingia kila shimo. Aliyepata muda mzuri kwenye kipande kile (yaani kutoka kituo cha nyuma hadi hicho) aliniambia wazi kwamba alimuona mwenzake anatoka pale. Yaani mtu amefanya mazoezi mwaka mzima halafu ushindi unaamuliwa na nani ametokea saa ngapi, hiyo ni bahati nasibu na niliipanga mimi. Kumbe ningesogeza bendera kama mita 80 hadi kwenye mkono wa mlima ulioonekana vizuri kwenye kontua, ramani ileile ingetosha kabisa.

Tangu hapo naanza na vipande, vituo baadaye. Najiuliza kutoka hapa kwenda kule kuna uamuzi gani wa kufanya, kisha kituo kinakaa mahali ambapo ramani inaaminika, na nakiendea kwa njia zote ambazo mkimbiaji anaweza kuja nazo. Pia naangalia anaondokaje, akilazimika kurudi alikotokea atawaonyesha wanaokuja bendera ilipo, tatizo lilelile tena.

Na kipande kirefu ndo kinahitaji kutembewa zaidi. Niliwahi kukimbia mbio ndefu yenye kipande cha kama kilomita 2, uzunguke kwa barabara au ukate moja kwa moja msitu mweupe (kwenye ramani nyeupe ni msitu unaokimbilika). Nikaamini ramani nikakata, nikakuta miti michanga imebanana hadi dira siioni vizuri. Kumbe walishakata miti pale na imeota upya. Waliozunguka waliniacha mbali, na sio kwamba walisoma ramani vizuri kuliko mimi, maana kwenye ramani njia yangu ndo ilikuwa sahihi. Mpangaji angepita pale mara moja tu angepeleka kipande upande mwingine, au angeomba ile sehemu irekebishwe kabla ya kuchapa.

Sprinti, zile mbio fupi za mjini, ndo msiseme. Ukuta uliochorwa kuwa haupitiki ni marufuku kuuvuka hata kama uwanjani unavukika, kwa hiyo ukiwa na pengo ambalo halimo kwenye ramani, mwaminifu anazunguka na asiyejali anapita, na mpanga kozi ndo amewaweka kwenye mtihani huo.

Kwa hiyo mkuu, kwenye kesi yako chukua muda wa kipande hicho kwa wakimbiaji wote. Ukiona waliopotea ni wewe na wachache wa chini, hilo ni la kwako. Ukiona hata wale watano wa juu, ambao vipande vingine wanapishana sekunde tu, hapo wanapishana dakika nzima, mpelekee mpangaji hizo namba na umuulize alikikagua kile kituo akitokea upande gani.