Barua kwa mwanangu: Alps nenda, ila ratiba hiyo ipunguzeni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Baridi imeshaingia Moshi, mlima unashinda umejifunika mawingu, na mama yako ameshatoa masweta sandukuni.

Umeniuliza kama ni busara mwezi wa nane ukodi pikipiki, wewe na wenzako wa hapo Munich, mkazunguke Alps, na kama kona za huko zina tofauti na hizi za kwetu ulizojifunzia. Jibu la mama yako unalijua: treni zipo. Mimi nasema nenda. Leseni ya huko umeshaipata, mshahara ni wako, na mtu aliyekulia mlimani ana haki ya kwenda kuona milima ya wenzake. Ila ratiba yenu ya Austria, Italia, Uswisi na Ufaransa kwa siku tano siipendi hata kidogo.

Nianze na kona. Wewe ulijifunza barabara ya Kibosho, tukiendesha kushoto. Huku kona inayobana ni ya kushoto, maana wewe unapita upande wake wa ndani, na ya kulia inakupa nafasi. Huko wanaendesha kulia, kwa hiyo mambo yanageuka: kona ya kulia ndiyo itakayokunyima nafasi, hasa mkiwa mnapanda. Upande wa ndani barabara inapanda wima ghafla, na pikipiki yenye mizigo ikizimika umeshailaza, unaanguka nayo hata kama mwendo ulikuwa mdogo. Ingia gia ya kwanza au ya pili kabla ya kona, usisubiri ufike katikati. Mafuta yashike kidogo kidogo bila kuyaachia. Macho yaangalie unakotokea, yasiangalie tairi ya mbele wala ukingo, kwa sababu pikipiki inafuata macho. Kona ya kushoto nayo ina lake: magurudumu yanaweza kuwa upande wako, lakini ukiinama kichwa kinavuka mstari wa katikati, na mbele yako kuna basi linateremka. Kaa mbali na ule mstari.

Kuteremka ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko kupanda. Umewaona vijana wa bodaboda wanaoshuka kutoka juu na frii ili waokoe mafuta. Usithubutu. Kwenye mteremko wa kilomita ishirini na kitu, breki ukizishika mfululizo diski zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na ukibonyeza tena unakuta hakuna kitu. Rudisha gia, iache injini ikuzuie, breki uzishike kwa nguvu kabla ya kona kisha uziachie zipoe. Miaka yote niliyokuwa bwana shamba nikishuka Kilema na Kibosho kwenye matope ya masika, hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Sasa hiyo ratiba. Barabara ya Stelvio, ile ya milimani huko Italia, mnaitaka sana, nami naitaka kwa niaba yako. Aliyeichora ni mhandisi Carlo Donegani, ikajengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, wakati Lombardia, jimbo la kaskazini mwa Italia, lilipokuwa chini ya Austria. Ukianzia kijiji cha Prato, chini bondeni, kuna kona kali 48, kila moja ina namba yake. Prato iko kwenye mita 900 hivi, usawa unaokaribiana na wa hapa Moshi mjini, na juu kabisa ni mita 2,757. Fikiria mwenyewe: kutoka stendi ya Moshi mpaka kibanda cha Mandara kule mlimani, yote kwa lami, kwa asubuhi moja. Mlima wetu umeupanda kwa miguu, unajua baridi inavyobadilika njiani. Kila mita 1,000 joto linashuka kama digrii sita, kwa hiyo ukiondoka chini unatoka jasho, juu utataka jaketi na glavu nzito.

Barabara ya namna hiyo huiweki siku moja na nyingine tatu. Mikono inachoka, akili inachoka kabla ya mikono, na kosa linakuja saa kumi jioni mkiwa mnawahi hoteli. Isitoshe, majira ya joto radi na mvua hupenda kuja mchana kwenye vilele vile. Ondokeni alfajiri, saa saba muwe mmeshashuka. Tena iwe siku ya kazi, maana wikiendi watu wanajazana.

Ningekuwa mimi, ningetoka Munich kwa Fernpass na Landeck huko Austria, nikavuka njia ya mlimani ya Reschen kuingia Italia, nikakaa bonde la Vinschgau, kwenye hiyo Prato, siku zote zilizobaki. Pale Reschen kuna ziwa ambalo mnara wa kanisa unachomoza majini. Kijiji cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Simameni, msipige picha tu na kuondoka. Watu walihamishwa pale.

Vinschgau kuna bustani za tufaha chini, na mvua ni haba. Wazee wa huko walichimba mifereji inayoteremsha maji ya milimani mpaka mashambani, wanaiita Waale, na kando yake kuna vijia vya miguu. Mwanangu, egesha pikipiki nusu siku ufuate mfereji mmoja. Angalia wanavyogawanya maji pale unapochepuka, kama ni kwa ubao au kwa jiwe, na uulize zamu zinapangwaje. Babu yako alikuwa akikesha kwenye mfongo, mfereji wetu wa Kichaga, akisubiri zamu yake. Hilo nataka kulijua kuliko idadi ya nchi mlizovuka.

Mambo mengine mawili. Wilaya ya Reutte huko Austria, mtakayopita mkielekea Fernpass, tangu mwaka 2020 kuna barabara ambazo majira ya joto haziruhusu pikipiki yenye kelele ya zaidi ya desibeli 95 kwenye kadi yake. Yule mwenzako mwenye pikipiki yake aitazame kadi kabla ya safari. Na mkiingia Uswisi, mabasi ya posta ya njano yana kipaumbele kwenye barabara za milimani. Yanapiga honi ya sauti tatu kabla ya kona zisizoonekana mbele. Ukiisikia, simama upande wako ulipishe.

Ulizia bima yako kama inalipia helikopta ya uokoaji, unitumie jibu lao kabla hujalipia pikipiki. Uniandikie pia uzito wa hiyo mtakayokodi, na kama mizigo itakaa pembeni au nyuma ya kiti, kwa sababu hapo ndipo nitakapokwambia zaidi kuhusu ile kona ya kulia.

Mama yako anakusalimu. Anasema treni bado zipo.

Baba yako