Kabla hujaanza kuzunguka kufundisha masaji ya miguu ya Kithai

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Manyoni. Amesomea masaji ya miguu ya Kithai, kazi anaiweza, sasa anataka kuzunguka wilayani kufundisha wengine. "Mwalimu, nianzie wapi?" Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo namjibu mbele yenu wote.

Anzia kwenye idadi. Mimi sichukui zaidi ya watu 12 kwa darasa, maana utaalamu huu uko mikononi, na mkono haufundishwi kwa kipaza sauti. Chukua kijiti tu. Wathai hutumia kijiti laini cha mbao kubonyeza nyayo. Changu nilichongewa na fundi wa hapahapa Dodoma. Mwanafunzi mgeni hukishika kama kalamu akakichimbia unyayoni, mwenye mguu anaruka. Inabidi nikae ubavuni mwake, niweke mkono wangu juu ya wake, mpaka asikie kwamba nguvu inatoka kiunoni na begani, na kijiti kinateleza tu kwenye mafuta.

Kibaigwa nilimpata mama mmoja anayeuza mahindi, kila akibonyeza dole gumba lake linapinda kwa nyuma. Angeendelea vile, kiungo kingemuuma na kazi angeiacha. Wenzake walipokwenda kunywa chai tukabaki wawili, nikamwonyesha kukunja kidole cha shahada na kubonyeza kwa kifundo. Leo ana wateja wake, na hunipigia simu kunijulia hali. Hakuna malipo yanayonifurahisha kama hayo.

Sasa la uchungu. Kuna mwenyeji mmoja wa kanda hii alinialika, nikafika nikakuta bango mlangoni: masaji ya Kithai yanatibu kisukari, presha na ugumba. Nikasema siingii mpaka lishushwe. Likashushwa, nikafundisha mpaka mwisho, na ujira wangu sijauona hadi leo. Nauli nilijilipia, simu zangu hapokei. Inaniuma, maana niliahirisha darasa la Mpwapwa kwa ajili yake. Lakini chini ya bango lile nisingefundisha hata kwa milioni.

Masaji ya Kithai hayahitaji uongo ili yaheshimiwe. Yanafundishwa Wat Pho, hekalu maarufu la Bangkok, na mwaka 2019 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ile ramani ya unyayo tunayobandika ukutani, inayoonyesha kila sehemu ya unyayo na kiungo cha mwili inachohusishwa nacho, inafanana sana na ile iliyoenezwa na Eunice Ingham, Mmarekani, miaka ya 1930. Yanapumzisha mwili, yanalegeza misuli, mtu analala vizuri. Kwamba ukibonyeza mahali fulani figo inapona, hilo halijathibitishwa, na mwalimu asilitamke.

Tena kwa mgonjwa wa kisukari uongo huo ni hatari kabisa. Wengi wao miguu imekufa ganzi. Ukimchubua kwa kijiti hasikii, na kidonda chake hakiponi upesi. Kwa vumbi letu la Dodoma na magaga haya, kagua kisigino na katikati ya vidole kabla hujagusa mafuta. Ukikuta mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usiubonyeze, mpeleke hospitali: huenda kuna damu iliyoganda, na ikichomoka inaweza kwenda mpaka kwenye mapafu. Somo hili mimi nalitanguliza siku ya kwanza, na asiyelielewa hapewi kijiti.

Ndugu zangu, tuache tamaa. Mtu akikuvulia viatu mbele ya watu amekuamini. Kujaza ukumbi watu wasiojifunza chochote, ukawagawia vyeti jioni wakatafutie riziki, ni kuwadhulumu wao na watakaowashika miguu kesho.

Dada wa Manyoni, nusu ya malipo ipokee kabla hujapanda basi. Bango lisome wewe mwenyewe kabla halijachapwa. Masuala ya usajili waulize Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, usisikilize maneno ya mtaani. Mabeseni usihangaike kuyabeba, kila mji yapo. Beba mafuta, taulo na vijiti vya kutosha, maana vijiti huwa havirudi vyote.