Re: Kwanini mavuno ya wanawake ni madogo?
Mkuu umeuliza kama wanawake wanavuna kidogo sababu hawana nguvu, hapana bana. FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) kwenye ripoti yao ya 2010/11 walisema wanawake wakipata pembejeo na huduma sawa na wanaume mavuno yao yanaweza kupanda asilimia 20 mpaka 30, kwahiyo nguvu sio ishu. Sasa angalia, shamba halina jina la mama anayelima, bila hati ya shamba benki wanamzungusha akiomba mkopo, mbolea anaisikia tu, bwana shamba akija anaongea na mume (wakati anayelima ni mama!), halafu mama huyo huyo kabla hajashika jembe kashateka maji, kashatafuta kuni na mtoto yuko mgongoni, palizi si lazima ichelewe? Mimi ningeanza na hiyo hati, semina baadaye.