Maswali na Majibu: Programu ipi itunze nakala za seva yetu kwenye wingu?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasimamia mfumo wa SACCOS moja hapa Tabora mjini; wanachama wetu wengi ni wakulima wa tumbaku. Tuna seva moja yenye Windows Server 2019. Mfumo wa akiba na mikopo unatumia SQL Server Express (programu ya bure ya Microsoft ya kutunza hifadhidata), na pembeni kuna mikataba na fomu za wanachama zilizoskaniwa. Jumla ni kama GB 180. Mpaka sasa kila Ijumaa nachomeka diski ya nje na kunakili folda zote. Bodi imeamua tupeleke nakala kwenye wingu. Mwenyekiti anasema Google Drive inatosha. Kuna muuzaji wa Dar anatuletea programu ya leseni ya mwaka. Mimi nimesoma kuhusu restic, Duplicati na Veeam mpaka nimechanganyikiwa. Intaneti ya ofisi inashusha kwa Mbps 10 na kupandisha kwa Mbps 4. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umetaja kasi ya intaneti. Wengi huniuliza jina la programu tu, na jina peke yake halinipi pa kushika.

Mbps huhesabu biti, na biti nane ni baiti moja, kwa hiyo Mbps 4 ni nusu MB kwa sekunde, yaani GB 1.8 kwa saa. GB 180 zitataka saa 100 za kupandisha bila kupumzika. Ukipakia usiku tu, kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, utasukuma GB 18, hivyo nakala ya kwanza itakula usiku kumi kama TANESCO na mtandao hawakukuangusha. Hilo si tatizo kubwa, ni kazi ya mara moja.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Umeme umekatika, ukarudi kwa kishindo, diski za seva zimekufa. Ni msimu wa masoko ya tumbaku, watu wametoka Urambo na Sikonge kufuata fedha zao. Kushusha GB 180 kwa Mbps 10, hata laini ikitoa kasi yake yote, ni saa 40. Nani atasimama mbele ya wanachama awaambie warudi keshokutwa? Na hapo nimedhani intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nakala iliyoko ng'ambo siku kama hiyo ni yako kwa karatasi tu.

Kwa hiyo unayoitafuta ni programu inayoandika nakala sehemu mbili, diski iliyo hapo ofisini na hifadhi ya wingu, na inayoweza kurejesha kutoka popote kati ya hizo kwenye kompyuta tupu. Diski ya USB 3 inayosoma MB 100 kwa sekunde itakurudishia hizo GB 180 kwa nusu saa hivi. Wingu ni la siku ofisi itakapoungua, au wezi watakapobeba seva na diski yake kwa pamoja.

Kabla ya programu, kuna jambo la hifadhidata, na hapa nataka unisikilize vizuri. SQL Server ikiwa inafanya kazi hulishikilia faili la hifadhidata, lile lenye mwisho wa .mdf, wala halinakiliki kwa njia ya kawaida. Kama kila Ijumaa unanakili folda huku huduma ikiwa imewashwa, fungua diski yako leo uangalie kama faili hilo limo. Nina wasiwasi halimo, au kuna la siku nyingi. Hata likiwemo, nakala iliyochukuliwa huku watu wanaingiza marejesho ya mikopo inaweza isifunguke.

Dawa yake ni kuiambia SQL Server yenyewe itoe nakala kwa amri ya BACKUP DATABASE, ukiongeza WITH CHECKSUM ili ikague kama data ni nzima inapoandika. Toleo la Express halina SQL Server Agent ya kupanga kazi, basi tumia sqlcmd (programu ndogo ya kuipa SQL Server amri) ndani ya Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, saa moja jioni baada ya kufunga mahesabu. Litatoka faili la .bak. Hilo ndilo programu ya nakala italichukua.

Usilizipu. Najua mkono unawasha kulibana ili kuokoa bando, lakini programu nzuri za siku hizi hukata faili vipande vipande na kupeleka vile tu ambavyo havijawahi kufika. Faili la .bak la leo na la jana yanafanana sehemu kubwa. Ukiyazipu, badiliko dogo mwanzoni hubadilisha kila kitu kinachofuata, na programu italiona faili zima kuwa jipya. Restic hubana yenyewe baada ya kukata, tangu toleo 0.14 la mwaka 2022.

Na kuna habari njema ambayo huenda hukuiona: hifadhidata ya Express, katika matoleo mengi yanayotumika leo, haiwezi kuvuka GB 10. Maana yake sehemu kubwa ya GB 180 zako ni fomu zilizoskaniwa, na fomu ikishaskaniwa haibadiliki. Hata kama .bak yote ya GB 10 ingepanda kila usiku, ni saa tano na nusu. Kwa kupeleka vipande vilivyobadilika tu, itakuwa pungufu sana. Laini yenu inatosha.

Sasa majina. Kwa hali yako mimi ningechukua restic. Ni ya bure, ni faili moja tu la kuendesha, na inaandika kwenye diski ya ofisini na kwenye hifadhi za wingu kwa mpangilio uleule. Inasimba data, yaani kuifunga isisomeke bila neno la siri, kwa mbinu ya AES-256 kabla haijatoka kwenye seva, na hakuna namna ya kuizima hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kupakia, safari inayofuata sehemu kubwa ya vipande vilivyokwishafika hairudiwi. Mchana unaweza kuipunguzia kasi kwa --limit-upload ili dirisha la keshia lisikwame. Ubaya wake ni kwamba haina madirisha ya kubofya. Ni amri tupu, na ukienda likizo, mwenzako atakayebaki awe anaziweza.

Kama hayupo wa kuziweza, tazama Kopia, inayofanana nayo kwa mengi ila ina sura ya kubofya. Duplicati nayo ni rahisi kwa macho, lakini hutunza hifadhidata yake ndogo ndani ya seva, na ikipotea pamoja na seva inabidi ijengwe upya kutokana na yaliyoko kwenye wingu. Kwa Mbps 10, sikutakii. BorgBackup achana nayo, si ya Windows. Veeam Agent ya bure niiweke pembeni kwa kazi nyingine: ipige picha ya mashine nzima, Windows na mipangilio yake, kwenye diski ya ofisini kila wiki, na utengeneze flashi ya kuwashia kompyuta mpya. Hapo hutasumbuka kusakinisha mfumo upya huku watu wamekusimamia kichwani.

Kwa heshima zote kwa mwenyekiti, Google Drive ya kuoanisha folda si nakala ya akiba. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vikiingia kwenye seva, Drive itayapandisha mafaili yaliyofungwa kwa utii uleule iliyopandisha yale mazima. Matoleo ya nyuma yapo kwa muda, lakini kurudisha maelfu ya fomu moja moja si kazi ya kumtakia mtu.

Virusi hivyo hivyo ndivyo sababu ya kuangalia ufunguo, yaani siri ya kuingilia kwenye wingu, unaoipa seva. Anayeiteka seva anakuta ufunguo wa wingu umekaa hapo hapo, na jambo la kwanza atakalotaka ni kufuta nakala. Backblaze B2, mojawapo ya hifadhi za wingu, inakuruhusu kutengeneza ufunguo usio na ruhusa ya kufuta moja kwa moja. Restic ikifuta kitu kupitia njia inayofuata taratibu za S3 (hifadhi ya wingu ya Amazon), kitu hicho hufichwa tu, na wewe unapanga vilivyofichwa viondoke baada ya siku 30, kwa mfano. Ufunguo mkuu usiuweke kwenye seva kabisa.

Kuhusu bei, Oktoba 2023 B2 ilipanga dola 6 kwa TB (GB 1,000) kwa mwezi; hakikisha ya leo. Kwa bei hiyo, GB 180, na hata zikifika 300 kwa kutunza matoleo ya nyuma, hazifiki dola mbili kwa mwezi. Wasabi, kampuni nyingine ya wingu, hutoza TB nzima hata ukiweka robo yake, na kitu ukikifuta kabla ya siku 90 bado unakilipia, kwa hiyo si ya ofisi ndogo. Amazon ina vituo Cape Town tangu 2020, karibu nasi kuliko Ulaya, ila ukishusha data yako unalipia. Usishawishike na Glacier Deep Archive, ghala la Amazon la data isiyoguswa mara kwa mara, kwa sababu ya bei yake ndogo: kurejesha kwa kawaida huchukua mpaka saa 12 kabla hujaanza hata kushusha, na restic haikuundwa kusubiri namna hiyo.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya SACCOS, siyo yako. Malipo nayo yatoke kwenye kadi ya ofisi, na tarehe ya kadi kuisha iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu. Neno la siri la restic liandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwenye kasiki ya ofisi na nyingine nje ya jengo hilo. Likipotea, hakuna wa kukusaidia, hata waliotengeneza programu.

Bodi pia ijue kwamba taarifa za wanachama zinavuka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Kuzisimba ni kinga nzuri, lakini hakuwaondolei wajibu huo. Mwanasheria wenu awasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla hujapakia GB ya kwanza.

Halafu jaribio. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu msimbo wao, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva iliyokuwa ikitumika. Walipokimbilia nakala zilizopaswa kuwa kwenye S3, hawakukuta kitu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine. Hao ni watu wa kazi hiyo.

Kwa hiyo usitegemee onyo linalotumwa kazi ikishindwa. Tumia huduma kama Healthchecks.io: seva inapeleka salamu kila ikimaliza salama, na salamu isipofika ndipo unapigiwa kelele. Kila mwezi chukua kompyuta ambayo haijawahi kugusa mfumo wenu, weka SQL Server, rejesha .bak kutoka kwenye wingu, kisha mwite mhasibu alinganishe salio la wanachama kadhaa na vitabu vyake. Pima muda uliotumika na uuandike kwenye taarifa ya bodi. Jaribio la kwanza ulifanye kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa.

Na muuzaji wa Dar usimfukuze. Mwambie aje na kompyuta tupu, arejeshe hifadhidata yenu mbele yako kwa kutumia laini yenu ya Mbps 10, na aeleze leseni ikiisha mtazifunguaje nakala za zamani. Akiyaweza hayo, na bodi ikiona heri kulipa kuliko kumtegemea mtu mmoja anayejua amri, ni uamuzi wa maana. Akianza kukuonyesha vipeperushi, mpe chai aende.